Shija Tulimzika Sisi Wenyewe

Nyie vijana mnaotafsiri filamu siku hizi mna kompyuta, mna spika za kuvaa masikioni, mna kitufe cha kurudia mkikosea. Mimi nilikuwa na maiki moja iliyofungwa kitambaa cha kanga, na nikikosea, kosa linabaki hivyo hivyo mpaka watu wanalizoea. Nimeombwa niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepotea njia, isubirini, huwa inarudi.

Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu kwenye banda la video hakuna vyeo. Kuna mwenye banda, kuna mwenye sauti, kuna anayekaa mlangoni. Mimi nilikuwa mwenye sauti, hapa Nsemulwa, Mpanda mjini, mpaka majuzi mpunga ulipovunwa. Jina langu la kazi ni Mzee Spika. Nasema "ni" kwa mazoea tu. Mbele mtaona jina hilo lilikokwenda.

Nilitoka Inyonga nikiwa kijana, nimeleta madumu ya asali ya baba. Sisi ni Wakonongo, na baba alikuwa mtu wa mizinga, aliwajua nyuki kuliko alivyotujua watoto wake. Asali iliisha mapema, ila basi la kurudi liliniacha, kwa sababu nilikuwa nimesimama nje ya banda la mabati nasikiliza mtu anapigwa. Nilijua ni ugomvi wa kweli. Nikaingia niamue. Ndani nikakuta watu wametulia kwenye mabenchi wanatazama televisheni ya chogo, na pembeni kakaa mzee mwembamba na maiki. Yeye ndiye aliyekuwa anapigwa, na yeye ndiye aliyekuwa anapiga.

"Wewe umeingia kufanya nini?" akaniuliza, maiki ikiwa wazi.

"Kuamua," nikasema.

"Haya kaa. Watapatana."

Hawakupatana, walichinjana mpaka mwisho, lakini nilikaa. Huyo mzee alikuwa Mzee Kapongwa, Mbende, ndiye aliyenifundisha kazi. Zamani alikuwa katekista. Aliacha, au aliachishwa, kutegemea unamuuliza nani, maana mahubiri yake yalikuwa na ngumi nyingi kuliko zilizomo kwenye kitabu. Alipogundua kwamba nina sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, akanipa baiskeli yenye honi kwenye keria. Kazi yangu ikawa kuzunguka mji kutangaza filamu ya siku hiyo. Nikizunguka hivyo ndipo watu wakaanza kuniita Spika, hilo "Mzee" likaja baadaye lenyewe, kama mvi.

Siku ya kwanza kushika maiki, Mzee Kapongwa alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Aliniachia filamu ya watu wanaorukaruka juu ya mianzi. Sikuelewa neno hata moja. Nikamtazama yule mnene mwenye ndevu, nikasema huyu ni mjomba, anataka shamba la marehemu dada yake. Basi banda zima likamchukia yule mnene kwa moyo mmoja. Mzee Kapongwa aliporudi, shavu limevimba, akasimama mlangoni akasikiliza, akasema kwa upande wa mdomo uliobaki, "Umeanza vizuri. Huyo mjomba usimpe mtoto, atatusumbua mbele."

Maneno yake ya kazi yalikuwa machache. Alisema usiiache picha ikae kimya, watu watasikia jenereta. Alisema usiitazame filamu kabla ya watu, maana ukishaijua sauti yako inapoa kama uji, watu wanaonja na wanajua. Hilo la pili nililishika maisha yangu yote, na ndilo lililozaa mambo nitakayoyaeleza. Na alisema kabla hujaanza, uliza swali la wakwe.

Swali la wakwe nyie hamlijui, kila mtu anatazama kwenye simu yake chini ya shuka. Zamani mtu na mkwe wake wa kike hawatazamani, sembuse kukaa benchi moja wanaangalia watu wanabusiana. Kwa hiyo kabla ya picha, mwenye sauti anauliza, "Wakwe wamo?" Aliyemo ananyoosha mkono. Akina mama wakwe wanakaa upande wa kushoto wa nguzo, wakwe wanaume upande wa kulia, na nguzo inafanya kazi yake. Ikifika sehemu ya kubusiana, mimi natafsiri kwamba dada anamkagua bwana jino bovu. Kulikuwa na mama mmoja wa Mwamkulu aliyeniambia kwamba Wazungu ni watu wema ila wana meno mabaya sana.

Kiingereza Mzee Kapongwa hakukijua, na mimi sikukijua. Tatizo halikuwepo, maana na watu hawakukijua. Tulifanya kazi kwa macho. Mtu akiinua nyusi, ana siri. Akigeuka dirishani, kaachwa. Koo nililitunza kwa asali ya nyuki wadogo, kijiko asubuhi, kijiko kabla ya ngumi. Mzee Kapongwa alipofariki nilibaki na maiki, kitambaa cha kanga na mabenchi. Banda likawa la Mama Nkamba, mjane, mama mwenye moyo mzuri na uso wa mtu anayepima eneo.

Sasa niingie kwenye Kikosi.

Mnazijua zile filamu za mashujaa, mmoja ana nguvu hizi, mwingine nguvu zile, wanaungana, wanaokoa mji ambao haujawahi kuwashukuru. Huu mfululizo mmoja sisi tuliuita Kikosi, ulipendwa Mpanda kuliko mpira. Majina yao ya kweli siyajui. Niliwapa ya kwetu, na makabila niliwapa pia, au niseme watu walijichukulia. Lile jitu kubwa la koti la rangi ya chungwa, filamu ya kwanza tu alisimama njiani akazuia kundi la farasi wanaokimbia, kwa mikono mitupu. Benchi la Wasukuma likasimama lote. "Huyo ni wetu! Mtu asiyejua ng'ombe hawezi kusimama hivyo!" Nikamwita Shija. Yule mwembamba anayerusha radi kwa vidole hatukumjadili, Wafipa, watu wanaosingiziwa radi, walimchukua kimya kimya, na wengine wote tukakaa mbali nao kidogo. Dada wa mabawa, anayeruka amebeba watu mgongoni, alichukuliwa na Wanyamwezi, kwa sababu ya mizigo. Yule anayetoweka machoni hatukumpa kabila, kila mtu alisema anafanana na jirani yake siku ya msaragambo, kazi za kijiji zikianza.

Hapo ndipo utani ulipoingia kazini. Mimi Mkonongo, Wafipa ni watani wangu, na Wasukuma na Wanyamwezi nao ni watani wao. Mtani anaweza kukutukana msibani ukiwa na machozi, na huruhusiwi kukasirika. Kwa hiyo Shija akipigwa, Wafipa wanapiga makofi. Mrusha radi akianguka, Wasukuma wanamwambia akanywe maziwa. Mkuu wa watani bandani alikuwa Mzee Silanda, fundi baiskeli, Mfipa mfupi mwenye sauti ya spoku iliyolegea. Alikaa benchi la mbele miaka yote na hakuwahi kutazama filamu akiwa amefunga mdomo.

Kisha Shija akafa.

Niwaeleze vizuri, maana mengi yamesemwa mjini. Ilikuwa mwisho wa filamu, ghorofa linamwangukia Shija, vumbi likatanda, na sidii ikakwama. Tukaifuta na shati, tukaifuta na mafuta ya taa, ikakataa. Watu wote wamegeuka wananitazama mimi. "Spika, kafa?" Katika kazi yetu huwezi kusema sijui. Nikatazama lile vumbi, nikatazama ukubwa wa ghorofa, nikasema, "Kafa."

Kesho yake tukamfanyia msiba. Sikuutangaza mimi, watu walikuja wenyewe. Mzee Ng'wandu, mfugaji mzee wa huko Mwamkulu, ambaye hakuwahi kukosa Kikosi tangu cha kwanza, alileta jogoo, akakaa chini kama mfiwa. Mzee Silanda akajilaza kwenye benchi, akajifunika koti la chungwa aliloazima kwa mtu wa ujenzi wa barabara, akakataa kuamka. "Simamisheni mazishi! Huyu Msukuma alinikanyaga filamu ya pili, hazikwi mpaka nipewe karanga!" Akapewa karanga. Akala amelala, akasema marehemu ametosheka, tukamzika. Wengine walicheka, Mzee Ng'wandu alilia kwa kweli, na ugali uliliwa wote.

Baada ya hapo Kikosi kilidhoofika. Filamu ziliendelea kuja lakini bila Shija, nikaamini kwamba hata huko kwao wamemzika. Kila shujaa akapewa filamu yake peke yake, ana huzuni, anatembea kwenye mvua. Kwenye moja walikaa ofisini karibu filamu nzima, wanaongea tu. Mnajua kutafsiri ofisi ni kazi gani? Ngumi hujitafsiri zenyewe. Ofisini niliwafanya kamati ya kijiji, nikawapa kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mpunga. Nilihukumu nikachoka, bado wanaongea. Nikakata rufaa. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, wameinama kama wanaopita mbele ya altare. Vijana wakahamia kwenye simu na kwenye mechi. Mabenchi yakaanza kuonyesha mbao zake.

Mama Nkamba akaja siku moja, akasimama katikati ya banda, akatazama juu.

"Mzee Spika, hili banda lina hewa nzuri."

"Ndiyo, Mama Nkamba."

"Mahindi yanapenda hewa."

Nikapangusa benchi lililokuwa karibu.

"Wamenieleza imetoka Kikosi mpya, wote wamo. Ipige Jumamosi. Mabenchi yakijaa, banda linabaki banda. Yasipojaa, mimi naweka magunia, na wewe tutaagana kwa heri, sina ugomvi na wewe."

Aliyemweleza ni Yustina. Huyu Yustina ni Mpimbwe, ana mtoto mmoja, kasoma mpaka kidato cha nne, na alikuwa na kimeza chake mlangoni kwetu, anawaingizia watu filamu na nyimbo kwenye flashi. Banda likifungwa na kimeza kinaondoka. Lakini yeye alikuwa na jambo lake jingine, alitaka maiki. Aliniomba mara nyingi. Nilimjaribisha mchana mmoja watu wakiwa wachache, na kabla hajamaliza salamu, kijana wa bodaboda akapiga kelele kwamba sauti ya mwanamke haibebi ngumi. Akairudisha maiki mezani, akarudi kwenye flashi zake. Hakulia. Alimwekea yule kijana nyimbo za kwaya mahali pa zile alizoagiza.

Ijumaa alinifuata nyumbani na flashi mkononi.

"Shikamoo babu. Nimeitazama yote. Ni nzuri kweli, wamejirekebisha. Hakuna ofisi."

"Marahaba. Usinisimulie."

"Sikusimulii. Ila kuna kitu kuhusu Shija lazima nikuambie."

"Shija ni marehemu, Yustina. Mwache apumzike."

"Babu, nisikilize..."

"Uji utapoa!" nikasema. Hakujua habari za uji wa Mzee Kapongwa, akachungulia jikoni, akaondoka anatikisa kichwa.

Jumamosi mchana watu walikuja. Sikuzunguka na baiskeli, magoti hayakubali, lakini Yustina alikuwa amerekodi sauti yangu akaituma kwenye simu za watu, nikawa nazunguka mji mzima nikiwa nimekaa. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, watu wa Mwamkulu walikuwa mjini, wana nafasi. Mzee Ng'wandu alikuja na fimbo yake, akakaa benchi la Wasukuma. Mzee Silanda mbele, kama kawaida, kucha zina grisi. Benchi la nyuma tu lilibaki wazi. Mama Nkamba kasimama mlangoni, analitazama hilo benchi.

"Wakwe wamo?" nikauliza. Wakanyoosha, wakapangika kwenye nguzo. Nikalamba asali, nikaanza.

Ilikuwa filamu hasa. Mara moja mrusha radi anatolewa gerezani, Wafipa wakashangilia, Silanda akasema amefungwa kwa wivu. Dada wa mabawa anauza matunda sokoni, anajificha. Yule wa kutoweka wakamkuta harusini kwa watu, anakula. Wanakusanywa mmoja mmoja, wamezeeka kidogo, wanagombana, wanataniana kama sisi. Nilitafsiri nikiwa nimesimama, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha miaka mingi. Watu waliokuwa nje wakaingia. Benchi la nyuma likaanza kupata watu.

Kisha kwenye picha mlango ukafunguka, akaingia jitu la koti la rangi ya chungwa.

Nilinyamaza. Feni ikasikika.

"Spika," akasema Mzee Ng'wandu polepole. "Huyo si Shija?"

Silanda alishasimama. "Shija gani? Shija nilimzika mimi! Nililala kwenye jeneza lake, nikala karanga zake!"

"Mzee katudanganya!" kijana wa bodaboda akaita kutoka nyuma. "Turudishiwe kiingilio!"

Hilo neno lilipita kwenye mabenchi kama moto wa nyasi. Wengine walikuwa wanacheka, wengine hawakucheka kabisa. Mzee Ng'wandu alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, uso wake mgumu, na nilielewa, mtu hawezi kulia halafu ukamwambia machozi yale yalikuwa ya bure. Walioingia mwisho wakaanza kuinuka. Mama Nkamba mlangoni alikuwa anahesabu kwa macho, gunia hapa, gunia pale.

Nikasema, "Kaeni. Huyo si Shija. Huyo ni mrithi wake."

Wakatulia. Hili kila mtu bandani alilijua. Kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, anaketishwa mrithi. Anapakwa unga kwenye paji la uso, anapewa upinde au fimbo au nguo ya marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Analichukua jina. Wajukuu wanamwita babu hata kama bado anacheza gololi.

"Ni mdogo wake," nikaongeza. "Mnaona kavaa koti lake."

Watu wakaanza kukubali, vichwa vinatikisika. Nikafungua mdomo niendelee. Silanda hakukaa.

"Mrithi kasimikwa na nani?"

"Kasimikwa kwao."

"Watani walikuwepo?"

Hapo alinipata. Mrithi asiyepakwa unga mbele ya watani hajakamilika, mnajua wenyewe. Nikatazama picha. Nikasema ukweli. "Hawakuwepo."

"Basi huyo si mrithi. Huyo ni mwizi wa koti."

"Kweli!" banda likajibu, na safari hii hata Wasukuma.

"Yustina, simamisha picha," akasema Silanda, kama banda ni lake. "Leteni unga."

Yustina akasimamisha. Uso wa lile jitu ukabaki umejaa kioo, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kuulizwa kitu. Mtu akatumwa kwa mama lishe wa jirani, akarudi na kibakuli.

"Hii ni sembe," Silanda akalalamika. "Mnamrithisha jitu zima kwa sembe?"

"Wa mtama umekwisha, wamepikia uji."

"Aibu yenu. Haya, wafiwa ni nani?"

Mzee Ng'wandu akainuka. Silanda akamwuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani, au utani ulikuwa umejificha vizuri, "Mfugaji, mnamkubali huyu akae kwenye kiti cha ndugu yenu?"

Yule mzee akausogelea ule uso, akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kanenepa," akasema. "Lakini tunamkubali."

Silanda akachovya kidole kwenye unga na maji, akampaka yule mtu kwenye paji la uso, juu ya kioo. "Msukuma wewe, kuanzia leo wewe ni Shija. Kula vizuri, pigana vizuri, na ukinikanyaga tena nakuzika mara ya pili." Akina mama wa upande wa kushoto wa nguzo wakapiga vigelegele. Vikasikika mpaka stendi, nadhani, maana watu wakaanza kuja mbio kuuliza ni harusi ya nani, na waliokuja hawakuondoka. Benchi la nyuma likajaa, wengine wakasimama.

Picha ikaendelea. Shija akapigana vizuri kama alivyoagizwa. Tatizo lilikuwa lile doa la unga, liligoma palepale katikati ya kioo, Silanda hakuruhusu lifutwe. Kila aliyepita katikati akawa mrithi kwa muda. Mrusha radi alirithi, dada wa mabawa alirithi, hata adui mkubwa alisimikwa kidogo akiwa anatishia dunia, watu wakamwimbia.

Mimi sauti iliishia hapo. Kelele za kubishana zilikuwa zimeimaliza. Vita vya mwisho vinaanza, mji mzima unaungua, nafungua mdomo inatoka hewa. Nikalamba asali, ikatoka hewa tamu. Watu wakaanza kugeuka tena.

Nikainua maiki juu ya vichwa, nikampa Yustina.

"Dada!" kijana wa bodaboda akaita. "Ngumi hizo utaziweza?"

"Wewe mwenyewe ngumi unazionaga kwenye filamu tu," akajibu ndani ya maiki, "kaa chini Shija asikukanyage."

Banda likalipuka. Na yeye hakusubiri kicheko kiishe, akapanda juu yake akaanza. Sijui niwaeleze vipi. Ngumi zake hazikuwa kama zangu. Mimi ngumi nilizipiga na kifua. Yeye anaiacha ngumi itue, halafu anakwambia aliyepigwa anafikiria nini. Adui akiwa chini ya miguu ya Shija, Yustina akasema kwa sauti ndogo, "Mama aliniambia nisome," na watu wazima walianguka kutoka kwenye mabenchi. Mzee Ng'wandu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka lake. Nilipotazama mlangoni, Mama Nkamba alikuwa amekaa. Alikuwa hajawahi kukaa bandani tangu afiwe na mume.

Filamu ilipoisha, kibakuli cha sembe kilikuwa bado kina unga. Silanda akakitazama kibakuli, akanitazama mimi. Mtu akikuona unapumua kwa shida miaka yote ya kazi, anakujua.

"Mkonongo," akaniambia, "wewe umekufa saa ngapi?"

Nikamwonyesha koo.

"Watu wote mmesikia. Marehemu mwenyewe amekiri." Akamwita Yustina mbele, akampaka unga kwenye paji la uso, akakifungua kitambaa cha kanga kutoka kwenye maiki, akamzungushia mkononi. "Kuanzia leo wewe ni Mzee Spika."

"Mimi?" Yustina akasema. "Mzee?"

"Ndiyo, mzee wangu. Shikamoo."

Na wote wakamwamkia, shikamoo Mzee Spika, shikamoo mzee, mpaka kijana wa bodaboda. Akaitikia marahaba, unga unamdondokea puani.

Ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na hotuba.

Banda lilibaki banda. Mama Nkamba ni mtu wa neno lake, ila na mahindi yake yalihitaji mahali, kwa hiyo aliyapanga nyuma, na watu wa nyuma sasa wanakalia magunia. Wanasema ni laini kuliko benchi. Ile filamu imepigwa tena na tena, na kila ikifika pale mlango unapofunguka, picha inasimamishwa, unga unaletwa, maana kila siku kuna watu ambao hawakuwepo siku ya kwanza na hawawezi kumpokea mrithi kwa kusikia tu. Nimeelezwa kwamba Kikosi kimefufuka duniani kote. Sijui huko kwingine wamefanyaje bila sembe.

Yustina aliniambia baadaye kwamba kwa Kiingereza Shija hakufa. Kwenye filamu wanamwuliza alikuwa wapi, anawajibu kwamba ghorofa halikumwua, alichoka tu, akaenda kukaa mashambani. Nikamwuliza, "Sasa wewe unawatafsiria vipi?"

"Natafsiri kwamba ni mrithi, babu. Wafiwa wapo."

Sikuwa na la kumfundisha tena.

Juzi nilikwenda bandani. Sikwenda kukagua, nilikwenda kama mtu mwingine yeyote, nikalipa mlangoni, nikakaa nyuma kwenye gunia. Silanda aliniona, akanisalimu kwa mbali, "Marehemu, umeamkaje?" Siku hizi Nsemulwa nzima inanisalimu hivyo, mpaka watoto. Yustina akakaa pembeni ya kioo, akafunga kitambaa cha kanga kwenye maiki, akalamba kitu kwenye kijiko. Akatazama watu.

"Wakwe wamo?"

Mikono ikanyooshwa, nguzo ikafanya kazi yake.

"Na marehemu wamo?"

Nikanyoosha mkono.

"Haya," akasema Mzee Spika, "tuanze."